Tone kwa tone: jinsi ya kuchanganya na kuhamisha rangi kidogo bila israfu

Mpaka nyumba hununua rangi kwa lita. Fundi wa vijahazi vya pambo, wale wanaochonga na kupaka kule Lamu na hapa Mji wa Kale, huhesabu kwa matone. Kikopo cha Humbrol kina mililita 14. Kichupa cha Citadel kina 12, na Tamiya huuza vichupa vya 10 na vya 23. Mililita 14 hazifiki hata vijiko vitatu vya chai. Kijiko kimoja kikikauka kwenye kifuniko na kingine kikaoshwa pamoja na brashi, fundi amebaki na kijiko kimoja cha kazi, ilhali amelipia vyote.

Mimi mwenyewe hupaka vijahazi jioni nikitoka kazini, na nimekaa na mafundi wengi wanaoishi kwa kazi hii. Nilichokiona ni kwamba rangi haipotelei kwenye mbao. Hupotelea njiani, baina ya kopo na brashi. Kwa hivyo hapo njiani ndipo pa kuangaliwa.

Koroga mpaka chini

Rangi ikikaa, uzito wake hutuama chini na maji au mafuta hubaki juu. Ukichota bila kukoroga unachukua maji ya rangi, kazi inatoka hafifu, nawe unapaka mikono mitatu pahali pa miwili. Kopo likoroge kwa kijiti bapa ukikwangua chini na pembeni. Kichupa chenye mdomo mwembamba kitikise dakika moja au mbili. Ukitia gololi ndogo ya kioo ndani, itakusaidia kukoroga kila utikisapo. Usitie ya chuma kinachoshika kutu, kwani kutu hubadilisha rangi.

Usimimine, hamisha

Kumimina kutoka kopo dogo ni hasara mara mbili. Rangi huteremka ubavuni, na inayobaki ukingoni hukauka, kifuniko kisifunge sawasawa tena. Hewa ikiingia, kopo zima linaganda. Tumia vyombo hivi:

Bomba la sindano la mililita 1 au 2, bila sindano yenyewe. Linapatikana duka lolote la dawa na lina alama za vipimo. Kwa rangi ya mafuta lisafishe papo hapo, maana mpira wa ndani huvimba ukikaa na tapentaini.

Mrija wa soda. Uchovye ndani, ziba tundu la juu kwa kidole, inua, kisha achia kidole juu ya kibao chako. Usivute kwa mdomo hata mara moja.

Kijiti cha meno. Hiki ni cha kiasi kidogo kabisa, kama rangi ya jicho la omo au mstari wa ubavuni.

Ukimaliza, futa ukingo wa kopo kwa kitambaa kabla ya kufunga.

Anza na nyeupe

Hapa ndipo wengi wanapomaliza makopo. Tuseme unataka samawati ya mbingu, sehemu 10 za nyeupe kwa sehemu 1 ya buluu. Ukianza na mililita 2 za buluu, utahitaji mililita 20 za nyeupe ili ufike unapotaka, na kazi yako pengine ilitaka mililita 2 tu. Ukianza na mililita 2 za nyeupe, buluu inayotakiwa ni mililita 0.2, yaani kama matone manne. Daima tia iliyokoza ndani ya iliyo nyepesi, tone baada ya tone, ukikoroga kila mara.

Kwa kukisia, mililita moja ni matone 20. Lakini rangi nzito hutoa tone kubwa na rangi laini hutoa dogo, kwa hivyo pima zote kwa chombo kimoja. Jaribu kwanza kwa matone machache, paka kwenye kipande cha mbao ileile, subiri ikauke. Rangi nyingi za maji zikikauka hukoza kidogo kuliko zilivyokuwa mbichi. Ukiridhika, andika hesabu daftarini: nyeupe 10, buluu 1. Mteja akirudi mwakani akitaka cha pili mfano wa kile, hutakisia.

Changanya ya kutosha mikono yote ya sehemu hiyo na ziada kidogo. Rangi ikiisha katikati ya ubavu, kupata ileile tena ni shida, na mara nyingi fundi hulazimika kupaka upya ubavu mzima.

Kibao chenye unyevu

Wakati wa kaskazi, chini ya feni, tone la rangi ya maji hukauka dakika chache tu. Dawa yake ni rahisi. Chukua kisahani chenye kifuniko, tandika sponji bapa au karatasi za shashi zilizoloweshwa, halafu funika kwa karatasi ya kuokea mikate. Rangi ikae juu ya karatasi hiyo. Unyevu hupanda polepole na rangi hubaki mbichi kwa saa nyingi, na ukifunika hata mpaka kesho. Kwa joto letu huota ukungu upesi, kwa hivyo badilisha maji na osha sponji kila siku mbili tatu. Njia hii si ya rangi ya mafuta.

Baki

Rangi iliyobaki nusu kopo inaishi na hewa nusu kopo. Ihamishie kwenye kichupa kidogo kinachojaa mpaka karibu na mdomo, uandike jina na tarehe. Rangi ya mafuta izimue kwa tapentaini na ya maji kwa maji, wala usiwahi kuzichanganya, maana hugawanyika zikaharibika zote mbili.

Kabla ya kuosha brashi, ifute kwanza kwenye gazeti. Rangi iliyokauka kwenye gazeti hutupwa na taka, lakini inayomwagwa mtaroni mwisho wake ni baharini, tunakovua.

La mwisho, na ni zito

Kuhifadhi vizuri kusigeuke hatari. Kuna mazoea ya kutia tapentaini au thina ndani ya chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Mafuta haya yakiingia mapafuni huua, na kumlazimisha mtoto atapike huzidisha balaa, kwani hupanda na kuingia pumzini. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe. Bomba la sindano la rangi nalo litie alama, lisije likarudi kwenye dawa ya kikohozi.

Na ikiwa kijahazi ni cha mtoto kuchezea, nunua rangi iliyoandikwa kuwa haina risasi, japo nyingine ni rahisi zaidi. Hapo si pahali pa kubana matumizi.