Kwa Nini Tommy Vercetti Hakujua Kuogelea

Mwaka 2002 gemu ya Grand Theft Auto: Vice City ilituletea jambazi aitwaye Tommy Vercetti. Tommy anaendesha gari, pikipiki, boti, hata helikopta. Lakini mwangushe baharini, hatua chache tu kutoka ufukweni, na habari yake imekwisha. Katika vibanda vya PlayStation 2 vya huku kwetu, ambako mtu hulipia muda wake kwa shilingi, kufa kwa sababu ya kona moja mbaya kando ya daraja kuliuma. Jitu zima, bunduki mkononi, linashindwa na maji!

Ugomvi huu wa mchezaji na maji ni wa zamani. Katika Super Mario Bros. ya 1985, mchezaji anafika majini akiwa ameshajifunza kanuni moja: adui mkanyage kichwani. Chini ya maji kanuni hiyo inafutwa. Mkanyage ngisi, utaumia wewe. Kitufe cha kuruka kimegeuka kuwa cha kuogelea, na ukikiacha unazama. Mario hahitaji hewa hata kidogo. Kinachomsumbua mchezaji ni kwamba elimu ya vidole vyake imekuwa bure ghafla.

Waliofuata walizidisha adhabu. Gemu ya Teenage Mutant Ninja Turtles ya 1989 ilimtupa mchezaji kwenye bwawa lenye mabomu 8, ikampa dakika 2 na sekunde 20 kuyategua, kisha ikajaza njia magugu yenye umeme. Sisi tulioona magugu maji yakifunga Ghuba ya Winam miaka ya tisini, mitumbwi ikikwama karibu na nchi kavu, kisirani hicho tunakielewa. Mwaka 1991 ikaja zamu ya Sonic. Yeye aliuzwa kwa sifa moja, kasi, na maji yakamnyang'anya hiyo hiyo. Akikaa nusu dakika bila kupata povu la hewa, anakufa, na kabla ya hapo muziki unaharakisha huku namba zikihesabu kushuka. Wengi wanaukumbuka muziki huo kuliko gemu yenyewe.

The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 ilikosea kwa namna nyingine. Katika Hekalu la Maji, shujaa huvaa viatu vya chuma ili azame na huvivua ili aelee. Kila mara ilibidi kusimamisha mchezo, kufungua orodha ya vifaa, kuchagua, kurudi. Eiji Aonuma, mmoja wa waliolitengeneza, baadaye aliomba radhi, na toleo la 2011 likarahisisha kazi hiyo.

Ukizitazama pamoja, unaona kosa ni lile lile. Watengenezaji walijenga nchi kavu kwanza, wakamzoesha mtu sheria zake, halafu wakamwaga maji juu yake bila kumpa sheria mpya za kufaa. Mchezaji hachukii maji. Anachukia kufanywa mgeni baada ya kuwa fundi.

Grand Theft Auto: San Andreas, mwaka 2004, ilijibu vizuri zaidi. CJ anaogelea, na kadiri anavyopiga mbizi ndivyo mapafu yake yanavyoongezeka uwezo. Maji bado ni hatari, ila sasa yanafundishika.

Hapo ndipo kicheko cha kumcheka Tommy kinanikauka mdomoni. Kwenye ufuo huu, kuanzia Kisumu hadi Port Victoria, wavuvi wengi wanaoingia ziwani usiku kutafuta omena hawajui kuogelea, na wengi hawana jaketi la kuokolea. Huko Budalangi, Mto Nzoia ukifurika, maji humfuata hata asiyekuwa na mtumbwi. Mvuvi anaujua upepo, anaijua nyavu, anaijua injini. Chombo kikipinduka, ufundi wake wote unafutwa kwa dakika moja, kama wa Mario, na hakuna kitufe cha kuanza upya.

Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, wahenga walisema. CJ alipewa nafasi ya kujifunza. Mtoto wa Port Victoria ana mapafu ya kutosha tayari. Anachohitaji ni mtu wa kumfundisha kabla hajapanda mtumbwi.