Jirani Zetu Kenya: Bunduki, Pembe na Nidhamu

Tembo hajui mpaka. Huondoka Tsavo nchini Kenya, akavuka bila pasi wala kibali, akaingia Mkomazi upande wetu wa Tanzania. Hutoka Amboseli, akaelekea miteremko ya Kilimanjaro. Kwa hiyo habari za walinzi wa wanyamapori wa Kenya si habari za mbali. Tena zawahusu hasa ninyi mliokabidhiwa silaha na taifa, kwani hii ni historia ya silaha: imo mikononi mwa nani, na yamtumikia nani.

Wakoloni wa Kiingereza walianzisha idara ya wanyama wa porini nchini Kenya mwaka 1907. Kazi yake ilikuwa kusimamia vibali vya kuwinda na kuwazuia wasiokuwa navyo. Kibali kilikuwa na bei, na bei ndiyo iliyochagua watu. Tajiri wa Ulaya aliyemwangusha tembo kwa bunduki aliitwa mwindaji hodari. Mwaata wa Tsavo, aliyewinda kwa upinde na mshale wa sumu kama walivyowinda babu zake, aliitwa jangili. Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliundwa mwaka 1946, na ile ya Tsavo mwaka 1948. Katika miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa huko Tsavo, na wawindaji wengi wa Kiwaata wakatiwa gerezani. Msako ulifaulu, lakini mwananchi akabaki akiamini kuwa mnyama ni mali ya mkubwa.

Baada ya uhuru, Kenya ilitunga sheria kali. Mwaka 1976 idara ya wanyama na shirika la mbuga za taifa viliunganishwa kuwa chombo kimoja cha serikali. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku. Mwaka 1978 biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine ikafuata. Pamoja na hayo yote, tembo waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973 walikuwa wamebaki kiasi cha 16,000 ilipofika mwaka 1989.

Je, sheria ilishindwaje? Ilishindwa kwa sababu mbili. Kwanza, askari wa wanyamapori alikuwa na bunduki ya kizamani, gari bovu na mshahara mdogo, naye alipambana na magenge yenye bunduki za rashasha. Pili, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Baadhi ya waliolipwa kulinda ndio waliofungua mlango. Mwaka 1988 majangili waliwaua vifaru weupe 5 katika Mbuga ya Meru, nao vifaru hao walikuwa chini ya ulinzi wa askari. Mwaka huohuo Rais Daniel arap Moi aliamuru majangili wenye silaha wapigwe risasi. Lakini amri ya risasi peke yake haitibu ugonjwa ulio ndani ya idara.

Mwezi Aprili 1989 Richard Leakey alikabidhiwa uongozi wa idara hiyo. Tarehe 18 Julai mwaka huo Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu mjini Nairobi, mbele ya macho ya dunia. Mwezi Oktoba, nchi zilizokutana Lausanne, Uswisi, zilikubali kupiga marufuku biashara ya pembe baina ya mataifa. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuleta hoja hiyo. Hapa nyumbani, mwaka huohuo wa 1989, jeshi, polisi na askari wa wanyamapori walishirikiana katika Operesheni Uhai.

Januari 1990 Kenya ilianzisha Shirika la Wanyamapori, KWS. Shirika hilo lilipewa uwezo wa kutumia mapato ya mbuga zake. Watumishi wengi waliondolewa, na waliobaki walipewa sare, magari, ndege na silaha za kufaa. Chuo cha mafunzo ya askari hao kipo Manyani, mahali ambapo wakoloni waliwafungia wapigania uhuru katika miaka ya 1950. Ujangili ulishuka upesi. Hesabu ya wanyama iliyofanywa Kenya mwaka 2021 ilionyesha tembo 36,280.

Ndugu askari, funzo ni nini? Bunduki mpya ilisaidia, lakini iliyookoa tembo ni bunduki mpya katika mkono safi, wenye mshahara, mafunzo na kiongozi anayewajibika. Nasi tunalo funzo letu wenyewe. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilikuwa na lengo jema, lakini ilisimamishwa baada ya malalamiko kwamba wananchi waliteswa na mali zao kuharibiwa. Bunge lilichunguza, na mawaziri 4 wakaondoka madarakani. Majangili walifurahi, kwa kuwa mwanakijiji aliyepigwa na askari hamwambii tena askari ni nani aliyepita usiku na mzigo wa pembe.

Kenya nayo imelitambua jambo hilo. Sheria yake ya mwaka 2013 iliagiza familia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 5. Fidia hairudishi uhai, lakini yamwambia mkulima kwamba serikali haithamini tembo kuliko mtoto wake.

Mlinzi wa wanyamapori hushinda vita vyake kijijini kabla ya kuvishinda porini. Mwananchi akiwa upande wake, kila njia ina jicho. Mwananchi akimwogopa, hata kikosi kizima chenye silaha ni kipofu. Hilo ni kweli kwa askari wa mbuga, na ni kweli kwa kila askari popote alipo.