Ghala Jekundu la Seattle na Urithi wa Ufundi wa Ndege

Utengenezaji wa ndege jijini Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ulizaliwa katika karakana ya mashua, na Makumbusho ya Usafiri wa Anga ya jiji hilo yameihifadhi historia hiyo kwa kulitunza jengo lenyewe. Jengo hilo la mbao, lililojengwa mwaka 1909 kando ya mto Duwamish na kuitwa Ghala Jekundu kutokana na rangi yake, lilinunuliwa mwaka 1910 na William Boeing, mfanyabiashara wa magogo aliyetaka kuundiwa mashua ya starehe. Alipoanzisha kampuni ya ndege mwaka 1916, ujuzi wa waunda mashua ukapata kazi mpya: maseremala walichonga mbavu za mabawa kwa mbao nyepesi za jamii ya misonobari, wanawake wakashona kitani cha kuzifunika, na kitani hicho kikapakwa dawa iliyokikaza kilipokauka. Humo pia Wong Tsu, mhandisi kutoka China, alishiriki kubuni Model C, ndege ya majini, yaani yenye maboya badala ya magurudumu, ambayo jeshi la majini la Marekani liliagiza 50.

Mwaka 1975 jengo hilo, lililokuwa limeachwa bila matumizi, lilipakiwa kwenye tishari, chombo bapa cha kubebea mizigo, likavutwa kupanda mto hadi karibu na uwanja wa ndege wa Boeing Field, na mwaka 1983 likafunguliwa kwa wageni. Ukumbi mkubwa wa kuning'inizia ndege uliongezwa mwaka 1987. Lakini ukumbi wa namna hiyo waweza kuigwa popote penye fedha, ilhali Ghala Jekundu ni la Seattle peke yake.

Upande wa elimu, shule ya sekondari ya umma yenye mkazo wa urubani na uhandisi, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilihamia jirani na makumbusho mwaka 2013. Vijana wanaosoma hesabu na fizikia hapo wanaweza kuvuka na kuona jinsi nadharia ilivyogeuzwa kuwa ubawa kwa randa na sindano, na kwamba sekta inayodhaniwa kuwa ya wataalamu wachache iliasisiwa kwa mikono ya maseremala, washonaji na wahandisi wageni.