Taa za Ziwani na Jiko la Nyumbani



Ndugu wazazi, siku hizi wengi wetu hapa Minago tunaulizia bei ya sola. Ni jambo jema. Tangu mwaka 2021 kituo cha Mubuga, Gitega, kinatoa megawati 7.5 za umeme wa jua. Lakini kabla ya kutoa fedha, tujiulize nini kitangulie. Ziwa letu limekwisha kutufundisha.

Wazee wetu walivua ndagala kwa lusenga, wavu wa mkono, huku moto wa kuni au matete ukiwaka mbele ya mtumbwi. Miaka ya 1950 mitumbwi ikafungwa pamoja, ikawa na wavu mkubwa wa kuinua na taa za karabai. Ndagala waliongezeka, na gharama pia. Mafuta ya taa hununuliwa kabla ya kujua kama kuna samaki, kwa hiyo usiku mtupu huwa deni.

Karabai hupoteza nguvu nyingi kwa joto. Miaka ya 2010 zilipoenea taa za LED, zinazokula umeme kidogo, betri ikatosha kuvulia usiku, na betri huchajiwa hata kwa jua. Kwanza ulaji ulipungua, ndipo jua likafaa.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Balbu ya zamani hula wati 60. Ya LED yenye mwanga unaokaribia huo hula wati 9. Umeme wa balbu moja ya zamani huwasha sita za LED.

Jikoni ndiko kwenye upotevu mkubwa, na paneli ya kuchajia simu haipiki maharage. Mbabula ya bati tupu huvujisha joto pembeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wakenya, wakijifunza kutoka jiko la Thailand, walitia udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Udongo huzuia joto lisitoke, na makala hupungua kwa theluthi hadi nusu.

Basi tuanze na mbabula yenye udongo, maharage yaliyolowekwa usiku, sufuria yenye kifuniko na balbu za LED. Akiba itakayobaki ndiyo inunue sola, nayo itatosha hata ikiwa ndogo. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa kibaba kimoja cha maji.

Wabillahi tawfiq.