Emoji moja inavyoweza kukukata SMS tatu

Kamati ya harusi imenunua SMS 200 za kuwakumbusha watu 200 michango yao. Ujumbe una herufi 150, na mwishoni kuna emoji ya moyo. Unapoanza kutumwa, SMS zote zinaisha baada ya watu 66 tu. Hakuna aliyeibiwa. Ni hesabu ya mtandao.

Kwa mtumaji, meseji ni kile anachokiona kwenye kioo cha simu. Kwa kampuni ya simu, SMS moja ni kipande chenye nafasi ya baiti 140. Ujumbe usipotosha kwenye kipande kimoja unagawanywa, na kila kipande kinatozwa kama SMS kamili.

Herufi 160 zinatoka wapi?

Mfumo wa GSM, ulioandaliwa Ulaya miaka ya 1980, una orodha yake ya herufi za kawaida: A hadi Z, tarakimu, nukta, mkato na alama nyingine chache. Kila moja inachukua biti 7, hivyo zinaenea 160 kwenye SMS moja. Nafasi kati ya maneno nayo inahesabiwa. Herufi zote za Kiswahili zimo kwenye orodha hiyo.

Ukizidisha 160, kila kipande kinabeba herufi 153 tu. Nafasi inayobaki inatumika kuielekeza simu ya mpokeaji jinsi ya kuunganisha vipande. Ndiyo maana yeye anaona ujumbe mmoja mrefu, wakati wewe umekatwa SMS mbili au tatu.

Emoji inaingiaje?

Emoji haimo kwenye orodha. Ukiweka hata moja, ujumbe wote unahamia mfumo wa Unicode, ambao kila herufi inachukua biti 16. Kikomo kinashuka hadi herufi 70, na ukizidisha hapo, kila kipande kinabeba 67. Emoji yenyewe mara nyingi inahesabiwa kama herufi mbili. Kwa hiyo ule ujumbe wa kamati umekuwa SMS tatu kwa kila mtu. Bila moyo, ungekuwa moja.

Mtego mwingine uko kwenye maneno kama "ng'ombe". Alama ya ' iliyonyooka imo kwenye orodha, ila ile iliyopinda (’) haimo. Baadhi ya simu huipindisha zenyewe, na ujumbe uliokopiwa kutoka Word huja nayo mara nyingi.

Nani anakatwa?

Tanzania na Kenya, anayelipa ni mtumaji. Marekani, kwa miaka mingi, hata mpokeaji alikatwa.

Huduma za kujiunga, kama zile za habari au matokeo ya mechi, ni tofauti. Hapo mpokeaji ndiye anayekatwa kwa meseji anazoletewa, hadi ajitoe. Soma bei kabla ya kujibu "NDIYO".

Mwenye bando naye hesabu ni ileile: kila kipande kinapunguza SMS moja. Bando likiisha, au muda wake ukipita, meseji inayofuata inaweza kutozwa kwenye salio la kawaida.

Fanya hivi kabla ya kutuma

- Angalia namba ndogo karibu na kitufe cha kutuma. Simu nyingi za Android zikionesha 20/2, maana yake zimebaki herufi 20 na sasa ni SMS mbili.
- Kwenye mipangilio ya meseji, tafuta sehemu ya kutumia herufi rahisi na uiwashe.
- Kama unatumia huduma ya kutuma SMS kwa watu wengi, jitumie mwenyewe kwanza, kisha angalia zimepungua ngapi.
- Emoji peleka WhatsApp. Huko unatumia data, na mtandao haukuhesabii SMS.