Dieudo Hamadi: kamera iliyofuata wahanga wa Kisangani hadi Kinshasa

Tarehe 5 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalianza kupigana ndani ya mji wa Kisangani. Yote mawili yalikuwa majeshi ya kigeni, na yalikuwa yameingia Congo yakiwa upande mmoja. Kwa siku sita mabomu yalianguka juu ya nyumba, makanisa, masomo na hospitali. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inasema kwamba raia waliouawa ni kati ya 244 na 760, kufuatana na vyanzo mbalimbali. Zaidi ya watu 1,000 walijeruhiwa, nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa, na maelfu ya wakaaji walikimbia.

Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alikuwa na miaka 16 wakati huo. Alianza na masomo ya sayansi ya tiba, na ingeonekana kwamba atavaa koti jeupe la daktari. Lakini aliacha njia hiyo, akafuata mafunzo ya kutengeneza filamu za hali halisi, yaani filamu zisizo na waigizaji, ambazo watu wanaonekana katika maisha yao wenyewe.

Mwaka 2010 kazi zake mbili za kwanza zilionyeshwa Berlin, ndani ya mkusanyo wa filamu nne fupi za Congo. Moja, aliyoitengeneza pamoja na Divita Wa Lusala, inahusu akina mama waliojifungua katika hospitali moja ya Kinshasa na kuzuiliwa humo kwa sababu hawana pesa za kulipa. Hapo tayari mtindo wake ulionekana. Hamadi haweki sauti ya kueleza mtazamaji afikiri nini. Anashika kamera, anakaa karibu na watu, anawaacha waseme.

Baadaye filamu zikafuatana. "Atalaku" ya mwaka 2013 inatazama uchaguzi wa 2011 mjini Kinshasa. "Examen d'État" ya 2014 inarudi Kisangani, kwa wanafunzi waliofukuzwa darasani kwa kukosa pesa za kulipia walimu. Vijana hao wanakusanyika katika nyumba moja na kujitayarisha wenyewe kwa mtihani wa serikali. Mzazi yeyote wa Congo anaelewa filamu hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 2017 ilitoka "Maman Colonelle". Hamadi anamfuata Koloneli Honorine Munyole, afisa wa polisi anayelinda wanawake na watoto wanaotendewa jeuri. Koloneli anahamishwa kutoka Bukavu hadi Kisangani, na huko anakuta wanawake ambao bado wanabeba maumivu ya vita ya siku sita. Miaka mingi imepita, lakini hakuna aliyewalipa, na wengi hawajasikilizwa hata mara moja.

Filamu hiyo ilipata tuzo Berlin na Paris. Kwa Hamadi, kukutana na wahanga hao kulifungua kazi nyingine. Wenyewe walikuwa wameunda chama chao na walikuwa wakidai haki kwa miaka mingi. Mwaka 2018 waliamua kupeleka madai yao hadi mji mkuu. Walipanda boti ya mtoni na kushuka mto Congo, safari ya kilomita karibu 1,700. Kati yao kulikuwa watu waliokatwa miguu au mikono, wakitembea kwa magongo na kwa miguu ya bandia. Hamadi alisafiri pamoja nao. Kamera yake inaonyesha mvua inayowanyeshea, ugomvi wa njiani, nyimbo zao, na siku walizosimama Kinshasa wakitaka wakubwa wawasikilize, wakati nchi yote ilikuwa ikifikiria uchaguzi.

Filamu hiyo, "En route pour le milliard", ilichaguliwa mwaka 2020 katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Congo kufika hapo. Korona ilizuia tamasha lenyewe kufanyika kama kawaida, lakini habari ya Kisangani ilikwisha kuvuka mipaka.

Kwa upande wa sheria, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague ilikuwa imeihukumu Uganda tangu Desemba 2005. Kesi dhidi ya Rwanda haikuendelea, kwa sababu mwaka 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza. Ilibidi kungoja hadi tarehe 9 Februari 2022 ili kiasi cha fidia kijulikane: dola milioni 325, zilipwe kwa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka. Katika fedha hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa na waliofukuzwa makwao, si Kisangani tu, bali pia Ituri na kwingine. Serikali ya Congo iliunda mfuko wa kugawia wahanga fedha hizo, na makao yake yakawekwa Kisangani.

Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Sababu moja kubwa ya tofauti hiyo ni ushahidi. Majaji waliona kwamba sehemu kubwa ya madai haikuwa na hati za kutosha: nani alikufa, wapi, siku gani, nyumba ya nani iliungua. Mtu anayekimbia usiku na watoto mgongoni hachukui karatasi.

Hapo ndipo kazi ya Hamadi inagusa familia zilizo leo kambini au kwa wenyeji waliozipokea. Filamu yake haikumrudishia mtu yeyote mguu wake. Lakini wahanga wa Kisangani sasa wanaonekana kwa sura zao na kusikika kwa sauti zao, na hakuna atakayesema hawakuwepo. Na kabla kamera haijafika, wao wenyewe walikuwa wameanza: walijikusanya, wakaunda chama, wakaendelea kuwataja wafu wao kwa majina.