Birkeland, Chapman, na Mikondo ya Umeme Angani

Miongoni mwa manufaa ya historia ya sayansi ni kutuonyesha ya kuwa hoja nzuri na hoja ya kweli si lazima ziwe kitu kimoja. Kisa cha mikondo ya umeme izungukayo dunia yetu ni ushahidi bora wa neno hili, na yafaa kielezwe kwa Kiswahili, maana sehemu yake moja ilitendeka katika maji ya pwani yetu wenyewe.

Tangu mwaka 1600, William Gilbert, tabibu wa Uingereza, alipochapisha kitabu chake juu ya sumaku, wataalamu walijua kuwa dunia ni sumaku kubwa, nayo ndiyo iielekezayo dira ya nahodha. Baadaye ilionekana kwamba siku nyingine sindano ya dira hutikisika pasipo kuguswa. Tarehe 1 Septemba 1859, Richard Carrington aliona mmeto mkali juu ya uso wa jua. Baada ya saa 17 hivi tufani ya sumaku iliikumba dunia, simu za waya zikavurugika, na mianga ambayo kwa kawaida huonekana karibu na ncha za dunia ikaonekana hata katika nchi za joto. Jua na sumaku ya dunia, basi, vina uhusiano. Lakini ni kitu gani kipitacho katikati yao?

Kristian Birkeland, profesa wa Norway, aliifuata mianga hiyo hukohuko iliko. Katika majira ya baridi ya 1902 na 1903 aliweka vituo vinne, Norway, Iceland, Spitsbergen na Novaya Zemlya, ili sumaku ipimwe mahali pengi kwa wakati mmoja. Kisha, katika chumba chake cha majaribio, alitundika tufe la sumaku ndani ya sanduku lililotolewa hewa, akalielekezea miali ya elektroni, akaona mwanga ukizizunguka ncha zake. Akakata shauri kwamba umeme hushuka kutoka mbali kwa kuifuata mistari ya sumaku, hupita kwa ulalo katika anga ya juu, kisha hupanda tena ulikotoka.

Wapinzani hawakukosekana. Arthur Schuster alionyesha mwaka 1911 kuwa elektroni, kwa kuwa zote zina umeme wa namna moja, hufukuzana, hata zitawanyike kabla ya kuifikia dunia. Birkeland alifariki Tokyo mwaka 1917. Baada yake Sydney Chapman, mwanahisabati wa Uingereza, alishikilia kuwa mikondo ile yote huzunguka ndani ya anga ya juu tu, wala hapana inayoshuka kutoka mbali. Hisabati yake ilikuwa safi, na wengi wakamfuata. Hannes Alfvén wa Sweden alipoifufua fikira ya Birkeland mwaka 1939, makala yake yalikataliwa Marekani, akayachapisha kwao.

Hata hivyo ingekuwa dhuluma kumhesabu Chapman kuwa mjinga. Mwaka 1931 yeye na Ferraro walieleza jinsi wingu la chembe za umeme wa namna zote mbili, yaani gesi ambayo Irving Langmuir aliita plazma mwaka 1928, linavyoisukuma na kuibana sumaku ya dunia. Fikira hiyo ingali msingi mpaka leo. Shida haikuwa katika akili yake. Vipimo vilivyochukuliwa ardhini peke yake vyaweza kuafikiana na mikondo ya Birkeland, na vyaweza kuafikiana na ya Chapman vilevile. Mahali ushahidi unapogawanyika hivyo, watu huamua kwa heshima ya msemaji na uzuri wa maneno yake. Na hivyo ndivyo walivyoamua kwa muda wa karibu nusu karne.

Hukumu ilitoka juu. Mwaka 1966 Alfred Zmuda na wenzake walitangaza kwamba setelaiti ya Marekani, ipitayo kiasi cha kilomita 1,100 juu ya ardhi, ilikuta mtikisiko wa sumaku katika eneo la mianga. Mwaka uliofuata wataalamu wengine waliufasiri kuwa ni dalili ya mikondo ifuatayo mistari ya sumaku, na vipimo vya miaka ya 1970 vikaondoa shaka. Leo mikondo hiyo huitwa kwa jina la Birkeland. Wala si ya dunia yetu peke yake: Machi 1979 chombo Voyager 1 kilipita karibu na Io, mwezi wa Mshtarii, kikakuta dalili za mkondo wa mamilioni ya ampea kati ya mwezi huo na sayari yake.

Lakini kuna mkondo mwingine, nao hautafutwi nchani. Wakati wa tufani, plazma hujikusanya juu ya ikweta, umeme ukaizunguka dunia kama pete kuelekea magharibi na kuidhoofisha sumaku yake. Ili kuupima, ala hazina budi kupita juu ya ikweta. Kwa hiyo tarehe 15 Novemba 1971 setelaiti Explorer 45 ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi. Ilipanda hadi kilomita 27,000 hivi, ikaendelea kuipima pete hiyo mpaka mwaka 1974.

Setelaiti Uhuru, iliyorushwa hapohapo tarehe 12 Desemba 1970, hukumbukwa kwa jina lake. Explorer 45, isiyopewa jina la kwetu, hutajwa kwa nadra. Mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kuwa habari hizi ni za wageni kwa sababu wageni ndio walioziandika. Birkeland alikwenda nchani kwa kuwa swali lake lilikuwa huko. Waliouliza juu ya pete walikuja Ungwana kwa sababu iyo hiyo. Sisi tulioko hapa tayari, iliyobaki kwetu ni kuuliza.